Nondo wa Mkilua

Mkilua wa Bimdogo ulianza kuchoreka majani wakati mwenyewe yumo katika eda ya mumewe.

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, goti lake la kulia likimsumbua kila mvua ikija. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kibokoni, katika kichochoro ambacho watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuze ubavu. Mumewe, Mzee Shebwana, alikuwa fundi cherehani Biashara Street, na alifariki ghafla baada ya sala ya alasiri, akiwa bado amekaa juu ya msala. Tangu siku hiyo Bimdogo hakuvuka kizingiti cha nje. Hakujipaka wanja, hakujitia manukato, wala hakuonana na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, naye aliishika vilivyo.

Mkilua wenyewe ulikuwa uani, karibu na dirisha la jiko. Ulikuwa mti mfupi wa matawi mengi, na maua yake madogo ya manjano yakifunguka harufu ilifika hadi msikitini. Miaka yote wanawake wa mtaa walikuja kuchuma kilua wakachanganye na asmini na mrehani, wafunge vikuba vya maharusi. Mwaka huu Bimdogo aliwaambia wachume wenyewe. Yeye hakugusa ua hata moja, asije akashikwa na harufu mikononi.

Sasa majani mapya yalikuwa yametokeza mistari myeupe inayong'aa, imepindapinda kama njia ya konokono ukutani. Kila siku mistari iliongezeka.

"Huu umetiwa jicho," alisema mgeni mmoja aliyekuja kumpa pole.

"Walia huo," alisema mwingine. "Wamlilia mwenyewe aliyeupanda."

Bimdogo aliwasikiliza, akawamiminia kahawa. Tangu msiba alikuwa hivyo. Watu walimsifu kwa subira yake. Siku ya maziko hakutoa chozi, wala siku ya hitima, wala baadaye. Aliwapokea wageni, akauliza kama chai imewatosha, akawaitikia dua zao. Mwanawe wa pekee, Ubaid, ambaye alikuwa na duka la kanga, alikuwa akija adhuhuri kwa adhuhuri kumletea samaki na mboga. Alikaa kidogo ukingoni mwa kiti, akaangalia simu yake, akaondoka. Si kwamba hakumpenda mamake. Hakujua tu amwambie nini.

Chumba cha juu alikaa mpangaji, Nanjala, msichana wa Bungoma aliyekuwa karani bandarini. Alikuwa Mkristo, na mambo ya eda aliyajua kwa kuyaona pale pale nyumbani. Wakati wa matanga alichukua likizo fupi akaosha vikombe na masufuria mpaka vidole vikakunjana, na tangu hapo Bimdogo akawa anamwita mwanangu.

Jioni moja Nanjala alirudi kazini akamkuta Bimdogo amesimama uani, ameshika tawi kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine.

"Nanjala, ndoo huku. Mato yangu hayaoni vyema. Nitazamie hapa kuna nini."

Nanjala alilichuma jani moja, akalinyanyua kuelekea mwanga uliokuwa bado juu ya ukuta. Alilitazama kwa muda. Kisha akavuta pumzi.

"Mama, kuna mtu ndani."

"Mtu gani?"

"Mdudu. Kadogo sana. Kako ndani ya jani lenyewe, si juu. Na kanatembea."

Akatoa simu, akapiga picha, kisha akawasha video, akaikuza kwa vidole viwili. Kwenye kioo cha simu kikaonekana kiwavi bapa kama kipande cha karatasi, rangi yake kama maji ya mchele, kichwa kikielekea mbele kwenye ukijani na nyuma yake njia nyeupe aliyokwisha kuila. Katikati ya njia palikuwa na uzi mwembamba mweusi.

Bimdogo alivaa miwani, akainama juu ya simu. Kile kichwa kidogo kilikwenda kulia, kikaenda kushoto, kama mkono wa mtu anayefyeka.

"Subhanallah," alisema taratibu. "Na ngozi ya jani iko juu yake haikutoboka. Kaingilia wapi?"

Kazini kwa Nanjala, katika ofisi ya pili, alikuwapo kijana mmoja wa Kaloleni, Fondo, ambaye alikuwa mkaguzi wa mimea inayoingia kwa meli, na chuoni alisomea wadudu. Kesho yake Nanjala alimwonyesha picha. Fondo aliacha chai yake ikapoa.

"Jani la mti gani hili?"

"Mkilua."

"Una hakika? Si mdimu? Kwenye midimu wako wengi wa jamaa yake."

"Mkilua, Fondo. Harufu yake naijua, iko dirishani kwangu."

"Basi huyu simjui," alisema Fondo, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeitwa arusini.

Jumamosi alikuja, akabisha hodi. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Bimdogo asingeweza kuonana naye. Nanjala akamwekea kiti barazani nje, penye kivuli cha mlango, akateremsha pazia la ukumbini, na Bimdogo akaketi upande wa ndani kwenye kochi lake.

"Masalkheri, mama. Pole sana kwa msiba."

"Tumeshapoa, mwanangu. Karibu, starehe. Haya nambie, ni nini hiki kilichoingia mtini mwangu?"

Nanjala akawa mjumbe. Alikwenda uani akachuma jani, akampelekea Fondo, Fondo akalitazama kwa kioo chake cha kukuzia, kisha Nanjala akalirudisha jani na kioo ndani, Bimdogo naye atazame huku akisikia maelezo nyuma ya pazia.

"Huyu ni mtoto wa nondo," alisema Fondo. "Mamake ni nondo mdogo mno, mama, hata punje ya mchele ni kubwa kwake. Huja magharibi, akataga yai moja moja kwenye jani changa. Yai likipasuka, kiwavi hatoki nje. Hutoboa pale pale lilipogusana na jani, akaingia moja kwa moja. Ndiyo maana hukuona tundu."

"Kwa hivyo jua hajaliona."

"Hajaliona. Dunia yake yote ni ule unene wa jani. Anakula katikati, anaacha ngozi ya juu na ya chini. Na hawezi kuhamia jani jingine. Jani likikatika akiwa bado mdogo, basi naye amekwisha."

"Na huu uzi mweusi?"

Fondo akasita. "Hicho… ni choo chake, mama."

Kicheko kikatoka nyuma ya pazia, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Nanjala aliyekuwa amesimama kati yao alishika pazia asijue acheke au la.

"Masikini! Yuwala na yuwatupa mumo humo, hana pengine," alisema Bimdogo. "Haya, endelea."

Fondo akaeleza kuwa kiwavi akishiba hukunja ukingo wa jani, akajizungushia kifukofuko humo, na baada ya siku chache akatoka nondo mwenye mbawa. Nondo wa aina hii hawaishi sana. Wengine hawali kitu, hawana hata nafasi ya kuzeeka. Na karibu kila aina huwa na mti wake. Yule wa mdimu hataki mkilua, na huyu wa mkilua akiwekwa kwenye mdimu atakufa na njaa.

"Na mti wangu atauua?"

"Hauui. Utachoka kidogo, majani yatakuwa mabaya kwa macho, lakini utatoa mengine. Na wako vinyigu vidogo vinavyomwinda humo humo ndani. Vitampunguza. Mwache tu, mama, kama unaweza."

Kabla hajaondoka aliwaachia kile kioo, akaomba yatengwe majani matatu yenye viwavi walioshiba. Nanjala aliyatia katika chupa tupu ya achari iliyooshwa vizuri, akaweka karatasi laini chini, akafunika mdomo kwa kitambaa, akaiweka kivulini kwenye dirisha lake la juu. Picha Fondo alizituma kwa mtaalamu wa nondo aliyesoma naye.

Kuanzia siku hiyo Bimdogo alipata shughuli. Akimaliza kusali alfajiri hukaa uani na chai yake mpaka adhuhuri, akitazama majani yapi yamepata mistari mipya na yapi yamekunjwa ukingo. Nanjala akirudi kazini, Bimdogo humpa habari: yule wa tawi la ukutani kafika ncha ya jani na sasa yuwarudi, yule mwingine kapotea, labda kinyigu kimempata. Walikaa pamoja kwenye ngazi ya jiko mpaka adhana ya magharibi. Baina ya habari za viwavi zilipenya habari nyingine. Mzee Shebwana alivyokuwa akikohoa akitaka chai, badala ya kuiomba. Alivyokataa katakata kununua viatu vipya. Nanjala alisikiliza, na siku nyingine naye alisimulia za babake, dereva wa trekta, aliyefariki yeye akiwa darasani.

Ubaid hakujua lolote kati ya haya. Bimdogo alitaka kumwambia, lakini kila adhuhuri alikuja na haraka zake. Alichokiona ni mamake amekaa kutwa nzima chini ya mti wenye ugonjwa, akiukodolea macho. Na maneno ya wale wageni, ya jicho na ya mti kulia, yalikuwa yamemfikia dukani. Usingizi ulimpaa. Kwa babake hakuweza kufanya kitu, alipofika alishachelewa. Kwa mti angeweza.

Ijumaa, baada ya sala, mamake akiwa amejinyoosha chumbani, aliingia kwa mlango wa nyuma na pampu ya mgongoni aliyoazima na chupa ya dawa aliyonunua Makadara. Alifunika pua kwa leso, akaupulizia mkilua wote, juu na chini ya majani, mpaka ukatona maji.

Harufu ndiyo iliyomwamsha Bimdogo. Alitoka akijishika kwenye milango, akamkuta mwanawe ameshusha pampu, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Nimeshakumalizia, Mama. Hakibaki kitu humo."

Bimdogo alikwenda mpaka kwenye mti, akalishika jani la tawi la ukutani. Lilikuwa limelowa. Alilinyanyua kwenye mwanga kama alivyofundishwa. Kiwavi alikuwamo, amejikunja, anajipinda. Bimdogo alisimama akimtazama mpaka akatulia.

Kisha akalia.

Alianza kwa sauti ndogo, Ubaid akadhani ni dawa imemwingia machoni, akakimbilia maji. Lakini aliporudi na kata mamake alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mabega yanatikisika, na kilio kinamtoka kifuani kizito, bila maneno.

"Mama! Mama, ni nini? Wewe wawalilia wadudu?"

"Siyui," alisema Bimdogo katikati ya kwikwi. "Siyui n'nalilia nini. Niwache nilie, Ubaid. Niwache."

Ubaid alisimama na kata yake ya maji. Hakupata kumwona mamake akilia, hata yeye alipokuwa mdogo. Akaiweka kata chini. Akavua leso puani. Akakaa sakafuni kando yake, na shati lake la Ijumaa, na kabla hajajua linalompata alikuwa naye ameinamisha kichwa magotini, analia kama mtoto, akimwita babake.

Nanjala aliporudi jioni aliwakuta wote wawili wamekaa pale pale. Bimdogo alikuwa amemshika mwanawe mkono, na macho yao yalikuwa yamevimba. Mtini majani yalikuwa yameanza kulegea. Nanjala aliuona mti, akaiona pampu, akafahamu. Alikwenda kupika chai ya tangawizi, akawaletea, na alipokuwa anamimina Bimdogo akasema, "Mwonyeshe nduguyo zile picha."

Ubaid alizitazama moja moja. Alipofika kwenye video ya kile kichwa kidogo kinachokwenda kulia na kushoto, aliirudia.

"Mbona hukunambia, Mama?"

"Ulikuwa hukai."

Nanjala alimpigia Fondo simu kumpa habari. Dawa ya aina ile, alisema, huingia ndani ya jani lenyewe. Wote waliokuwamo watakuwa wamekufa. Lakini hakulaumu. "Ile chupa iko?"

Chupa ilikuwapo. Lile jani la kwanza lilitoa kinyigu cheusi chembamba kama herufi. Jani la pili halikutoa kitu, likakauka na kiwavi wake. Siku chache baadaye Nanjala aliteremka ngazi mbio, amevaa kiatu kimoja, chupa mikononi.

"Mama! Ametoka!"

Walikaa ukumbini, Ubaid akashika taa ya simu kwa mbali asimtishe. Nondo alikuwa ametua kwenye kitambaa cha mdomo wa chupa, amesimama kwa miguu ya mbele kichwa kikiwa juu. Kwa jicho tupu alikuwa kipande cha uzi wa fedha. Kwa kioo cha kukuzia, alikuwa na mbawa nyeupe zinazong'aa zenye mikanda ya dhahabu, na nyuzi ndefu laini ukingoni kama matamvua ya kilemba, na mwishoni mwa kila bawa nukta moja nyeusi. Bimdogo alimtazama mpaka mkono ukamchoka, Ubaid akamshikia kioo.

"Hivi alikuwa humo ndani," alisema Ubaid. "Yule yule?"

"Yule yule," alisema mamake.

Fondo alifika siku ya pili, akaketi kwenye kiti chake cha barazani, na mara hii Ubaid alikaa naye. Yule mtaalamu alikuwa amejibu. Picha hazikufanana na nondo yeyote aliyemjua, lakini picha hazitoshi. Lazima apate nondo mwenyewe.

"Maana yake mumuue," alisema Bimdogo nyuma ya pazia.

"Ndiyo, mama. Sitakuficha. Atawekwa mahali atunzwe, na watu wa baadaye wamwone. Lakini ni wako. Ukisema tumwachilie, tutamwachilia."

"Nikimwachilia atakwenda wapi?"

"Mti una sumu bado," alisema Fondo. "Na hana mwenzake."

Bimdogo alimtazama tena nondo ndani ya chupa.

"Mchukue," alisema mwishowe. "Lakini nambie, mwanangu, wamekwisha? Alikuwa huyu tu?"

"Mkilua ni mti wa misitu ya huku kwetu," alisema Fondo. "Hapa kisiwani imebaki michache, watu wanajenga, nyua zinatiwa saruji. Lakini najua msitu mmoja upande wa Rabai wenye mikilua. Kama nondo wapo, watakuwa huko. Sijui. Tukatafute."

"N'ngojeni," alisema Bimdogo. "Nikitoka eda nataka kwenda nami."

Walimngoja. Eda ilipokwisha alioga, wanawake wa mtaa wakaja wakamfukiza udi, akavaa buibui jipya aliloletewa na mwanawe. Watu walitazamia aanze kwa kuzuru jamaa. Yeye alipanda gari la Ubaid, Nanjala na Fondo nyuma, wakavuka Makupa kutoka kisiwani asubuhi na chupa ya chai, mkeka, na mahamri yaliyofungwa kwa kitambaa.

Msitu ulikuwa kwenye mteremko, na wazee wa pale walikuwa wameshaombwa ruhusa. Njia ilikuwa nyembamba na yenye mizizi. Bimdogo alitembea polepole, mkono mmoja kwa Nanjala, goti likimlalamikia, asikubali kusimama. Fondo aliwaonyesha mkilua wa kwanza. Ulikuwa mrefu kuliko ule wa uani, majani mapana, lakini safi yote. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa na matundu makubwa ya mdudu mwingine. Fondo alianza kusema kwamba labda si msimu wake.

Ubaid alikuwa ametangulia. Viatu vyake vya dukani vilikuwa vimeharibika, na alikuwa akigeuza majani ya kila kichaka, tawi kwa tawi, kama mtu aliyeangusha kitu cha thamani. Ghafla wakasikia sauti yake kutoka bondeni.

"Mama! Wako! Mama, ndoo uone, wako tele!"

Bimdogo aliuachia mkono wa Nanjala. Aliteremka mwenyewe, akishika miti, buibui likinasa kwenye miiba na yeye akilivuta. Ubaid alikuwa amesimama chini ya mikilua mitano au sita iliyosongamana, na majani machanga ya kila mmoja yalikuwa yamechorwa mistari ya fedha, mingine mifupi, mingine imezunguka jani lote. Alikuwa ameshika jani moja bila kulikata, amelielekeza kwenye mwali wa jua.

"Huyu yu hai," alisema. "Yuwala. Mtazame."

Mamake alivaa miwani, akatazama. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa na utando wa buibui nyweleni na tope mpaka magotini.

"Babako angekucheka leo," alisema.

"Angenicheka sana," alisema Ubaid.

Nanjala alitandika mkeka pale pale. Walikunywa chai na mahamri, huku Fondo akizunguka na kamera yake, akirudi kila mara kuwaonyesha kitu. Aliwaambia kuwa kumpa nondo mpya jina ni kazi ya miaka, na kwamba akipewa wamefikiria kumwita kwa jina la Bimdogo. Bimdogo alikataa. Alisema kama wanataka kumpa jina, wamwite kwa mti wake, maana ndio uliomlea. Fondo akasema atamfikishia mtaalamu.

Waliporudi mjini jua lilikuwa limeelekea magharibi. Ubaid aliuliza kama ampeleke mamake nyumbani akapumzike.

"Nyumbani nimekaa sana," alisema Bimdogo. "Tupeleke ufukweni Mama Ngina tukale mihogo. Na uzime hiyo simu."

Ubaid akaizima.